Kidole na Kumbukumbu za Mashine

Binti yangu analipwa kusoma umbea wa mashine. Yeye hapendi nikisema hivyo, lakini kila akinieleza kazi yake mazungumzo yanaishia hapohapo. Kompyuta za hospitali anakofanya kazi, hasa zile kubwa zinazokaa chumbani kwao peke yao kama wazee waliosusa, huandika kila kitu: nani ameingia, saa ngapi, amefungua faili gani, amebadilisha nini. Maandishi hayo wanayaita kumbukumbu za mfumo. Hakuna anayeyasoma, maana ni maelfu ya mistari kwa siku na hayana hata penzi moja ndani yake. Binti yangu huyo, Kidole, ndiye aliyeamua kuandika programu ya kuyasoma, ilinganishe ya leo na ya jana, na ikikuta kitu kimebadilika ipige kelele.

Kidole si jina lake, ila hata walimu wake walilisahau lile jingine. Alilipata akiwa na miaka minne, siku aliyotia kidole chini ya sindano ya cherehani yangu aone uzi unapitia wapi. Sindano ikapita kwenye ukucha. Hakulia. Alisema, "Mama, kumbe kuna uzi mwingine chini." Aliyelia ni mimi. Baba yake, dereva wa malori ambaye hadi leo anajigamba kwamba hakuna barabara iliyowahi kumtisha, alikaa sakafuni akaomba maji.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nashona sare za shule, cherehani yangu iko dirishani, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyepita mtaani kwetu nisimwone. Majirani wananiita Kamera. Waniite tu. Pembeni ya cherehani naweka daftari, na humo naandika yale ninayoyaona lakini hayafai kusemwa: lori limesimama kwa fulani siku isiyo yake, mke wa fulani ametoka na begi na kurudi bila begi. Mengi hayana maana yoyote. Lakini roho yangu haitulii mpaka niyaandike.

Basi, mwaka juzi kule hospitalini mtu aligusa mpangilio fulani kwenye kompyuta, na kwa wiki mbili majibu ya vipimo vya wodi ya wanaume yakawa yanachapwa wodi ya wazazi. Mzee mmoja wa henia alikaribia kupewa pongezi. Wakubwa wakatafuta aliyefanya hivyo wasimpate, ingawa kumbukumbu zilikuwa zimeandika siku, saa na dakika. Kidole wakati huo alikuwa mapokezi, kazi yake kubadilisha wino wa printa na kuambiwa na kila mtu kwamba printa imekataa. Akaenda kwa mkuu wa kitengo cha kompyuta akasema anaweza kuandika programu ya kuyaona mambo kama hayo siku hiyohiyo.

Mkuu huyo nyumbani kwetu tunamwita Kiyoyozi, maana akitoka tu kwenye chumba chake cha baridi anaanza kuchacha kama maziwa.

"Miezi mitatu," alimwambia. "Ikishindikana, nanunua mfumo wa kampuni, na wewe unarudi kwenye wino wako."

Kidole amepanga chumba karibu na hospitali na kwetu anakuja mwisho wa wiki. Katika miezi ile alikuja na kompyuta, akasukuma vitambaa vyangu, akakaa upande wa pili wa meza. Mimi nakanyaga cherehani, yeye anagonga vitufe, baba yake anakoroma kwenye kochi. Nilikuwa nikimwangalia kwa wizi. Alikuwa amekonda. Miaka miwili ya wino ilikuwa imemtoa ule udadisi machoni, na sasa ulikuwa umerudi, na mimi nilikuwa naogopa utachukuliwa tena.

Siku ya kwanza kuiwasha, ile programu ilituma ujumbe mia nne kwenye simu ya Kiyoyozi. Mtu amebadilisha nywila: ujumbe. Mtu amekosea nywila: ujumbe. Saa ya kompyuta imejirekebisha kwa sekunde moja: ujumbe. Kiyoyozi alikuwa kwenye kikao na mganga mkuu, simu inatetemeka mezani kama imepandwa na mashetani. Mwishowe akaifungia kwenye droo, na droo nayo ikaanza kutetemeka.

"Programu yako," alimwambia Kidole baadaye mbele ya wenzake, "ni mama mkwe. Usinitumie kitu tena mpaka ijifunze adabu."

Jumamosi ile alikuja nyumbani uso umemshuka. Akakaa akiangalia vidole vyangu vikipitisha uzi.

"Mama, hivi wewe unajuaje la kupigia kelele na la kuacha?"

"Kelele gani? Mimi sipigi kelele."

Baba yake akafumbua jicho moja. "Lo!" akasema, akalifumba.

"Nakuuliza kweli," alisema Kidole. "Watu mia wanapita hapo nje. Unamwona kila mmoja. Kwa nini unamwita baba dirishani kwa mmoja tu?"

Nikafikiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo bila kunicheka. "Muuza maziwa akibadilisha baiskeli, ni shauri lake," nikamwambia. "Lakini akipita saa tisa na yeye ni mtu wa asubuhi, hapo pana jambo. Kwanza lazima umjue mtu kawaida yake. Mengine yote naandika pembeni kwenye daftari, nanyamaza."

Akalivuta daftari langu, akalifungua, akasoma kurasa mbili tatu huku anacheka. Kisha akaacha kucheka, akaigeukia kompyuta. Hakuinuka hapo mpaka tulipomlazimisha kula.

Programu mpya ikawa na adabu. Ilijifunza kawaida ya kila mashine kwa wiki mbili, na baada ya hapo ilisema mambo manne au matano tu kwa siku. Mengine yote iliyaandika pembeni ikanyamaza, kama mimi. Kwa kuwa Kiyoyozi alikuwa hataki kusumbuliwa, Kidole aliweka namba yangu ipokee ujumbe wa majaribio, aone kama unafika. Unafika, nikamwambia. Kisha ikaja namba ya Kiyoyozi kwa yale makubwa, na yangu akasahau kuiondoa.

Sikumkumbusha. Kwa nini nimkumbushe? Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nasubiri chai ichemke, simu inalia: "Nakala za mafaili zimehifadhiwa. Hali ya kawaida." Najua basi kwamba mafaili ya wagonjwa wote yametolewa nakala na kuwekwa kwenye mashine ya akiba, na kwamba kazi ya mwanangu imeamka salama. Mchana unakuja mwingine au miwili. Nilizijua zile mashine kama majirani. Mashine ya tatu ilikuwa mbea kuliko zote.

Alhamisi moja ujumbe wa asubuhi haukuja.

"Haujaja," nikamwambia baba yake.

"Nini?"

"Ujumbe."

"Labda leo imelala."

"Mashine hailali, mwanaume. Hebu nitumie ujumbe nione kama simu yangu nzima."

Akaandika dakika tano kwa kidole kimoja, ukaja: "HUJAMBO KAMERA." Simu nzima. Mchana hakuna ujumbe. Jioni hakuna. Nikaandika kwenye daftari, nikakaa kimya, maana kesho yake, Ijumaa saa nne, kulikuwa na kikao. Kiyoyozi alikuwa amewaita watu wa kampuni na mfumo wao uliokuwa ukijaribiwa wiki nzima, na siku hiyo angeamua upi ubaki. Sikutaka kumtia mtoto wasiwasi. Wasiwasi tayari ninao mimi, unatosha nyumba nzima.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu: kimya. Chai ikachemka mpaka ikamwagika jikoni. Saa moja kamili nikapiga.

"Mama, leo si siku ya kunipigia!"

"Mashine zako hazisemi kitu tangu jana."

"Wewe bado unapokea? Nilisahau kukutoa." Nikasikia anapiga mswaki. "Zisiposema ndiyo vizuri. Hakuna ujumbe, hakuna tatizo. Nimeiandika hivyo. Hata bosi jana amenisifu, anasema hatimaye imetulia."

"Hata ule wa asubuhi?"

"Ule ni wa majaribio tu."

"Sikiliza. Unamkumbuka yule mzee wa nyumba ya mkabala, anayekohoa bombani kila alfajiri? Siku ile ambayo hakukohoa, nani alipiga kelele?"

"Mama..."

"Hakuna. Mtaa mzima ulifurahi kulala. Mimi ndiye niliyekwenda kugonga, tukamkuta ameanguka bafuni na mguu umevunjika."

Mswaki ukanyamaza. Kisha nikasikia mlango, kisha viatu vikikimbia, na simu ikakatika.

Alinipigia saa tatu kasorobo, anaongea kwa sauti ya chini. Yale yote ambayo programu ilikuwa ikiyaandika pembeni, aliyaweka kwenye mashine ya akiba, ileile ya nakala. Siku baada ya siku yakaongezeka, Jumatano usiku mashine ikajaa pomoni. Nakala za wagonjwa zikakosa mahali pa kukaa, na programu yenyewe ikakosa mahali pa kuandika, ikafa. Ikafa kimya kimya, na watu wakaisifu kwa utulivu.

"Mama, madaftari yako yakijaa huwa unayapeleka wapi?"

"Nayawashia jiko."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Nimeyafuta. Nakala zimeanza kwenda tena. Hakuna faili lililopotea, ila kwa siku mbili, mashine kubwa ingeungua, tusingekuwa na kitu." Akavuta pumzi. "Hakuna anayejua. Kikao ni saa nne. Niseme?"

Nitasema ukweli, kwa kuwa yeye anaujua. Nilimwambia, "Nyamaza! Umeshatengeneza, kuna haja gani? Unataka kurudi kwenye wino?"

"Mama, wewe umenipigia kwa sababu ya nini?"

Akakata simu.

Kuanzia saa nne nilishona mikono mitatu kwenye shati moja. Baba yake aliuona ule wa tatu, akaamua kwenda kuoga. Saa nne na nusu simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Mama habari. Mimi ni mkuu wa kitengo anakofanya kazi binti yako. Nimekuweka kwenye spika, tuko kikaoni."

Nikasimama. Sijui kwa nini, hakuna aliyekuwa akiniona. "Salama, bosi."

"Binti yako amesimama hapa anasema programu yake mwenyewe imesimamisha nakala zetu siku mbili, na kwamba aliyegundua ni wewe. Nataka kujua, wewe ni nani kwenye mfumo wangu?"

"Mimi ni mama yake."

Watu wakacheka. "Unafanya kazi gani?"

"Nashona sare."

"Ulijuaje?"

"Ilinyamaza, bosi. Kila asubuhi ilikuwa inasema, halafu ikaacha. Kwani nyinyi mliona ni kawaida?"

Kicheko kikafa. Nikasikia viti vinasogezwa, kisha Kiyoyozi akiongea na mtu mwingine, si mimi. "Na mfumo wenu? Si umeunganishwa hapa wiki nzima? Jana ulionyesha nini?"

Sauti laini, ya mtu wa tai, ikasema, "Jana... hali ilikuwa ya kijani, yaani shwari, mkuu."

"Kijani. Na leo?"

"Kijani pia."

"Kwa hiyo milioni zote hizo mnazotaka zimezidiwa na cherehani."

Hapo ningekata simu kwa adabu. Badala yake nikasema, "Bosi, usimrudishe kwenye wino. Kosa nusu ni langu, hilo la daftari nilimfundisha mimi."

"Mama!" Kidole akasikika kwa mbali, ile sauti yake ya miaka kumi na nne.

Hakurudishwa. Hakupewa hata pongezi, msidhani. Kiyoyozi alimwongezea miezi mitatu mingine ya majaribio na barua ya onyo kwa kujaza mashine ya akiba, barua ambayo baba yake ameibandika ukutani kwa sababu ina muhuri. Programu ikabaki. Ina mambo mawili mapya: kila wiki inafuta maandishi yake ya pembeni, na kila asubuhi ule ujumbe usipofika kwa muda wake, simu ya Kiyoyozi inalia mpaka apokee. Kelele hiyo aliiagiza mwenyewe.

Namba yangu aliamuru iondolewe siku hiyohiyo. Mambo ya hospitali hayaendi kwa mafundi cherehani, alisema, na alikuwa na haki. Ila asubuhi ya Jumamosi nilisimama jikoni saa kumi na mbili na nusu na simu mkononi, najiona kama mtu aliyesahau kuvaa kitu. Kidole, aliyekuwa amelala chumba cha pili, aliamka akaniona kutoka mlangoni.

Jumatatu, akiwa amesharudi kwenye chumba chake, saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. "Nimeamka. Hali ya kawaida." Ameuandika kwa mkono wake, hakuna programu. Tangu siku hiyo unakuja kila siku.

Siku moja tu, mwezi uliopita, haukuja. Ikafika saa moja, ikafika moja na nusu, nampigia, hapokei. Namba ya Kiyoyozi nilikuwa nimeihifadhi. Mtu akikupigia mwenyewe, kosa ni lake.

"Bosi, shikamoo na samahani. Mwanangu amenyamaza."

"Marahaba, mama." Akahema kwa muda mrefu. "Yuko hapa mbele yangu. Simu yake imeisha chaji, anakula andazi langu."

"Basi sawa," nikamwambia. "Hali ya kawaida."