Jembe la Mukaka na mahindi ya kompyuta

Juzi hapa Butembo nilipeleka simu yangu kwa fundi, na mezani kwake palikuwa na kompyuta ya zamani, ile nene ya mgongo. Alipoiwasha, harufu ya vumbi linalopata moto ikanipiga puani, na feni yake ikaanza kuguna. Jamani, nilishika ukuta. Nilijikuta tena Beni, nina miaka kumi, ndani ya salon yetu, sebuleni, mlango wa mbele una kufuli na ufunguo uko kwenye pindo la kitenge cha Mama.

Mwaka ule hatukuwa tunatoka. Masomo yalikuwa yamesimama, milio ya risasi ilisikika upande wa mashamba, na Mama alipoenda sokoni alitufungia ndani mimi na Mukaka. Mukaka ndivyo Wanande tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake Baba, aliyeletwa kwa nguvu kutoka shambani kwake njia ya Kamango, na vitenge vyake, Biblia na jembe. Wiki haikuisha, jembe likapotea. Mama ndiye aliyelificha chini ya kitanda, kwa sababu Mukaka alikuwa ameapa: maharagwe yakikauka atarudi kuyavuna, wenye bunduki wawepo wasiwepo. Fikirini ninyi wenyewe, kumfichia mama mkwe jembe! Kwetu hiyo ni aibu ya kusemwa mpaka kanisani.

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe,” Mukaka alimwimbia Mama kila asubuhi. “Miye niko hapa mwezi muzima. Jembe yangu iko wapi?”

“Tuko natafuta, Mama,” alijibu Mama, uso mkavu kabisa. Halafu alininong'oneza mimi: “Umuchunge. Mlango ya jikoni iko na komeo tu. Akitoka, batamuua.”

Mzigo gani huo wa kumpa mtoto? Nilikuwa mfungwa, nikapewa mfungwa mwenzangu nimlinde.

Nilichokuwa nacho ni kompyuta tu, ya occasion, yaani iliyokwisha kutumiwa na wengine, Baba aliinunua kwa bei ya huruma. Michezo yake ilikuwa ya zamani na rahisi: magari yaliyopenya kuta za nyumba kama moshi, mpira wa miguu ambao kipa wake hakuwa na uso, na mmoja wa kulima shamba. Huo wa shamba ulikuwa mzito ajabu. Unabonyeza, unaenda kunywa maji, unarudi ndipo trekta inageuka.

Mukaka aliucheka kwanza. Siku ya pili akasogea. “Lakini, mbona banapanda bila kungojea mvua?” Siku iliyofuata alikuja na kigoda chake. Nilimpa ile souris, kipanya cha kompyuta, mkononi, akaigeuza, akaitazama tumboni. “Ndo jembe ya bazungu hii?”

Basi tukalima mahindi. Kona ya juu ya kioo aliipa jina la jirani yake wa kule shambani, na alinikataza trekta isivuke mpaka wa watu. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Halafu simu ikaja. Ni jirani yule: maharagwe yamekauka. Mukaka alijifunga kitenge, akaenda jikoni, nikasikia komeo linalia. Nikapiga kelele: “Mukaka! Mahindi yetu imeiva!”

Halafu nyayo zake zikarudi, polepole.

Kweli yalikuwa yameiva. Kamio, lori la kubeba mavuno, ilikuja ikasimama kando ya shamba, injini inaguna, na kioo kikatoa kitufe kimoja tu: uza yote. Nilinyoosha mkono. Mukaka akauchapa.

“Utauzisha yote? Na mbegu?”

“Mukaka, hakuna pa kuweka mbegu.”

“Basi, hapana gusa. Ikae.”

Ikakaa. Kila tulipowasha, mahindi yamesimama yale yale, kamio inaguna pale pale. Mimi nilitaka msimu wa pili, nione kitu kipya hata kama ni kwenye kioo tu. Nililia kwa hasira, na nisiwadanganye, nilimchukia kidogo. Yeye alikunja mikono, akayatazama. “Akiba haiozi,” alisema.

Asubuhi moja alikuja mgeni mwenye viatu safi. Alizungumza na Baba na Mukaka nje, muda mrefu. Alipoondoka, Mukaka aliingia salon, akakaa kwenye kigoda.

“Uzisha.”

“Yote?”

“Yote.”

Nilibonyeza haraka asije akabadili mawazo. Kamio ikaondoka, shamba likabaki udongo mtupu, na maandishi yakatokea: ukitaka kuendelea, lipa. Kumbe mchezo wenyewe ulikuwa wa kuonja tu, msimu wa pili haukuwemo. Nikaangua kilio. Mukaka alinivuta kifuani, na kifua chake kilikuwa kinatetemeka pia.

“Nyamaza, mwana wangu. Hata miye niliipenda.”

Nilidhani analilia mahindi ya kompyuta.

Jioni Mama alitoa jembe mwenyewe, akaliegemeza kwenye mlango wa jikoni. Komeo hakulifunga. “Ndo hii, Mama. Imeonekana.” Mukaka hakuuliza lilikuwa wapi. Mimi nilitoka mbio uani, nikarukaruka, nikawaambia kuku kwamba vita imeisha.

Nilikuwa mtu mzima Baba aliponiambia yule mwenye viatu safi alikuja kununua nini: shamba la Mukaka. Mama alirudisha jembe kwa sababu halikuwa tena na mahali pa kwenda.