Jina Lililopigiwa Makofi

Asajile Mwakalobo hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni daktari. Hilo tuliseme mapema, maana ndilo alilokwenda nalo mahakamani kama ngao, na ndilo lililomwangusha.

Alikuwa dobi. Kwao ni Rungwe, na ujana wake aliumaliza katika hospitali moja ya Mbeya, akifua mashuka na makoti ya madaktari, na kuchemsha sindano pale wauguzi walipozidiwa na kazi. Alipofiwa na mkewe Ndimyake, aliona nyumba imekuwa kubwa mno. Akauza alichokuwa nacho, akashika njia ya Sumbawanga na mzigo wa chumvi na viberiti. Biashara haikumtaka. Ulipofika mwaka wa Operesheni Vijiji, watu wakihamishwa kutoka vitongojini mwao na kukusanywa kwenye kijiji kipya upande wa Mpui, naye alijiandikisha kama wengine. Wakampa kiwanja cha pembeni kabisa, pale ambapo upepo wa Ufipa hupiga kwanza kabla haujafika kwa watu.

Miezi ya mwanzo ilimtesa. Majirani walizungumza Kifipa, na Kinyakyusa chake hakikuwa na wa kukisikiliza. Jumapili kijiji kizima kilikwenda misa, naye Mmoraviani peke yake alibaki ndani akiimba tenzi kwa sauti ndogo, sauti ya kwanza tu, kwa kuwa ya pili ilikuwa ya Ndimyake. Watu walimsalimu vizuri njiani, kisha wakapita. Mtu anaweza kufa kwa kusalimiwa tu.

Basi jirani mmoja, Adolfu, akajikata mguu kwa jembe akichimba msingi wa ghala la kijiji. Asajile alichemsha maji, akaosha kidonda, akakifunga kwa kitambaa safi kama alivyowaona wauguzi wakifanya. Siku hiyo alivaa koti jeupe kuukuu alilopewa alipoaga kazi, si kwa ujanja wowote. Shati lake lilikuwa kambani linakauka. Mguu ukapona. Asubuhi moja akasikia makofi mlangoni.

Wafipa hawavamii mlango wa mtu wanayemheshimu. Mgeni huchutama, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, akamtaja mwenye nyumba, akangoja. Mwenye nyumba akiitika, wamekubaliana. Makofi hayo hayo ndiyo salamu yao ya heshima popote wakutanapo. Asubuhi ile aliyechutama alikuwa Polikarp, mwenyekiti wa kijiji, na nyuma yake mkewe kabeba mtoto mwenye homa. Akapiga makofi, akasema, "Daktari."

Asajile aligeuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akaitika.

Polikarp akacheka kwa furaha, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na tangu siku hiyo methali hiyo ikawa wimbo wa kijiji.

Na tusiwacheke. Zahanati ilikuwa mbali, na dawa zake ziliisha kabla ya foleni. Asajile alipata penisilini na klorokwini mjini kwa mchuuzi asiyependa maswali, akazichoma kwa mkono mwepesi. Watu wa siku zile walikuwa na imani yao: kidonge ni cha mtoto, dawa ni sindano. Wengi walipona, wengine kwa dawa, wengine kwa sababu ugonjwa ulichoka wenyewe. Wachache waliokufa walihesabiwa kuwa wameitwa na Mungu, na Mungu hapelekwi mahakamani.

Ungependa kujua alipata nini? Alipata watu. Mvua zilipokaribia, wanawake kwa wanaume walifurika shambani kwake, wakafukia nyasi na kumwinulia yale matuta ya duara ya Kifipa, wakaimba, wakanywa pombe ya ulezi aliyopikiwa na akina mama wenyewe. Jioni walikaa uani kwake mpaka baridi iwafukuze. Hakuna aliyemwita Asajile tena. Mara nyingine, akiwa peke yake, alijiambia kesho nitawaeleza kwamba nilikuwa nafua nguo tu. Kesho ikafika na makofi mlangoni.

Siku moja mwanakijiji mmoja, Wilibrodi, aliletwa mchana, amekunjwa na maumivu ya tumbo. Mkewe, Fransiska, alichutama, akapiga makofi, akauliza, "Daktari, atapona?"

Asajile aliweka kiganja kwenye tumbo lile, akalikuta gumu kama ubao. Hapa ndipo ninapomkasirikia, hata leo. Kama asingejua kitu, tungemhurumia. Lakini alishafua mashuka ya watu wenye matumbo kama yale. Alijua waliopona ni waliowahi kisu cha daktari wa kweli. Alijua pia kwamba Wilibrodi akipelekwa Sumbawanga, kijiji kitataka Daktari aongozane na mgonjwa, azungumze na madaktari wenzake. Watamuuliza alisomea wapi. Na siku hiyo hiyo machela itarudi kijijini na habari ya dobi.

Akachoma sindano. Akamwambia Fransiska wangoje dawa ifanye kazi.

Wakangoja mpaka jua likazama. Asubuhi ndipo waliponyanyua machela, na Wilibrodi akafia njiani, mji haujaanza hata kuonekana. Wabebaji waliendelea na safari kwa sababu hawakujua la kufanya, na hospitalini wakaulizwa ni nani aliyemtibu. Wakajibu kwa fahari kwamba ni daktari wao. Polisi walikuja kijijini wiki ile ile.

Mashitaka yalikuwa kujifanya daktari, na kusababisha kifo kwa uzembe. Kijiji kiliumia, lakini hakikutaka kumpoteza. Polikarp alizunguka nyumba hadi nyumba kuwapanga watu: mtu yeyote akiulizwa, aseme huyu tulimjua kama Ndugu Asajile, jirani mwenye huruma, na jina la Daktari halikuwahi kutajwa. Bila jina, kosa litashikwa wapi? Wote walikubali. Fransiska alinyamaza, na Polikarp akachukua kimya chake kuwa ndiyo. Asajile alipopata habari hizo rumande alilia. Jela ilimtisha, lakini kilichomliza ni kwamba bado wanamtaka.

Siku ya kesi karani aliita, "Asajile Mwakalobo." Asajile alikaa tu, macho dirishani. Karani akaita tena, mpaka askari akamgusa bega. Alikuwa ameusahau mlio wa jina lake.

Mashahidi walipanda, wakashuka, wote wimbo mmoja: jirani, huruma, Ndugu Asajile. Mwendesha mashitaka alianza kufuta jasho. Asajile mwenyewe alisema kwa sauti iliyonyooka kwamba hajawahi kumwambia mtu kuwa yeye ni daktari, na hakimu aliandika hivyo. Kisha akaitwa Fransiska.

Alikuja na nguo yake nyeusi ya msiba. Alipofika mbele ya kizimba cha mshitakiwa hakupita. Alichutama pale sakafuni, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, akasema, "Daktari."

"Naam, mama," Asajile akaitika.

Polikarp aliinamisha kichwa.

Fransiska akasimama, akamgeukia hakimu. "Ni kweli, mheshimiwa, hakusema. Tulisema sisi. Lakini siku ile nilimwita hivi hivi, na yeye akaitika hivi hivi. Angelikataa lile jina, mume wangu ningembeba mchana ule ule, hata mgongoni."

Hakimu hakuhitaji maneno mengi baada ya hapo. Alieleza kwamba sheria haimngoji mtu atangaze udaktari kwa kinywa chake. Anayeupokea na kuutumia amejitwika, na mzigo wake ni wake. Asajile hakubisha. Akafungwa.

Huko gerezani walimpa kazi ya kufua, na alifua vizuri.

Alipotoka hakwenda Rungwe. Wa kumpokea hakuwepo. Alirudi kijijini kwa miguu kutokea barabarani. Shambani kwake matuta yalikuwa yamebomoka na kuota majani, na mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa. Waliomwona walimsalimu vizuri, kisha wakapita. Polikarp alisema karibu, akakumbuka kwamba ana kazi mahali fulani.

Alikwenda kwa Fransiska, ingawa hakujua anakwenda kusema nini. Yule mama alikuwa uani akipepeta ulezi. Alipomwona aliweka ungo chini. Salamu hainyimwi mtu, hata adui. Akachutama, akapiga makofi yale yale ya polepole.

Asajile alisimama akingoja jina lifuate. Halikufuata.

"Mimi ni Asajile, mama," akasema hatimaye.

"Najua," Fransiska akajibu, akainua ungo wake, akaingia ndani.