Betri Juani, Katikati ya Mlenda

Juzi niliitwa shuleni kwa mjukuu wangu, hapa Mvumi. Siku hizi wasichana wanasoma kompyuta, na wazazi tulialikwa kutazama. Nikakuta wazee wamekaa mstari mmoja, wanamsubiri binti mmoja awashe mashine. Mwenzangu, nikajiona mimi mwenyewe, nilipokuwa darasa la sita.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana pekee. Mwalimu wa hesabu, mama mfupi asiyecheka ovyo, aliamua kutufundisha ufundi wa redio: kufungua, kusafisha, kuunga waya. Wazee wa kamati ya shule wakaja juu. "Binti anayefungua redio, kesho atafungua nini?" aliuliza mwenyekiti, jirani yetu. Wakapanga siku. Redio tuliyoiunga isipoongea mbele yao, somo linafutwa. Mwalimu akanichagua mimi.

Betri zilikuwa zimechoka. Nikafanya kama bibi yangu: nikazianika kwenye ungo, katikati ya majani yake ya mlenda, ile mboga ya kuteleza, asubuhi nzima. Bibi alisema jua la Ugogo linafufua kila kitu isipokuwa mume mvivu.

Zilipopata moto nikazibeba mbio hadi shuleni, nikazipachika kwenye redio mbele ya kamati. Nikawasha. Kimya. Nikazungusha kitufe. Kimya. Jasho likaniingia machoni.

"Ipe uji hiyo redio, labda ina njaa," alisema mwenyekiti. Kamati nzima ikaangua kicheko. Mwalimu alibana chaki mpaka ikakatika.

"Subiri kidogo, babu," nikasema.

Nikafungua mfuniko. Kumbe jani la mlenda limeng'ang'ania kichwa cha betri, utelezi wake umekauka kama gundi. Nikalikwangua kwa ukucha, nikarudisha, nikawasha.

Sauti ikalipuka chumba kizima: matangazo ya vifo. Wazee wote wakavua kofia. "Basi, somo libaki," mwenyekiti akanong'ona, kama vile redio inamsikia.

Mwaka ule nilifungua redio za nusu ya kijiji. Mwenyekiti naye aliileta yake, ameifunga kwenye khanga ya mkewe ili isionekane.

Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa, na somo likaondoka naye. Hakuna aliyelifuta, ila hakuna aliyelifundisha tena. Chumba kikawa stoo ya mahindi, sisi tukapewa sindano na vitambaa vya mito. Nashona vizuri, uliza mtu yeyote hapa. Lakini kushona sijawahi kukupenda hata siku moja.