Gari Lililomkana Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Kazi ya vitasa aliirithi kwa baba yake, na kwa miaka ishirini na mitatu kibanda chake cha bati, kilichobanana kati ya duka la vitambaa na kinyozi, kilikuwa kimbilio la kila aliyejifungia nje. Alikuwa hodari, na alijijua. Ndiyo maana jambo la Mwalimu lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma fundi wa kubahatisha.

Mwalimu, mama mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alileta gari lao kuukuu siku moja mchana. Swichi ya kuwashia ilikuwa imelika, ufunguo unazunguka bure kama kijiko kwenye kikombe. Alitaka swichi mpya, ila ufunguo ubaki ule ule wa milangoni, maana mumewe alikuwa ameanza kusahau mambo na asingezoea mwingine. Akauliza kama inawezekana.

Iliwezekana. Ndani ya swichi mna vibati vya shaba, kila kimoja na kimo chake; ukivitoa na kuvipanga kufuata meno ya ufunguo wa zamani, swichi mpya inautii kama ile ya kwanza. Ni kazi ya kibano, miwani na subira ya saa tatu. Lakini siku hiyo Mama Funguo alikuwa na wateja wanne kwenye benchi, mgongo unamwaka moto, na subira ilikuwa imemwishia tangu asubuhi.

“Haiwezekani, Mwalimu,” alisema bila kuinua macho. “Itabidi mtumie funguo mbili.”

Mwalimu aliuliza tena, kwa upole, akajibiwa vile vile. Swichi mpya ikafungwa ndani ya nusu saa, na ufunguo wake wa pili.

Wiki mbili baadaye kinyozi jirani, ambaye habari hazimpiti, alikuja na mapya. Mume wa Mwalimu alikuwa na kazi moja tu iliyombakia: kila asubuhi kuwasha gari lipate moto. Jana yake, mkewe akiwa anaoga, mzee alichukua ufunguo wake wa siku zote. Mlango ukafunguka, swichi ikagoma. Alijaribu weee, mwisho akaamini ameingia kwenye gari la watu. Akatoka kwa aibu, akafunga mlango polepole, akaenda kutafuta la kwake. Walimpata jioni ng'ambo ya reli, miguu imechubuka, akiwaomba radhi wapita njia kwamba yeye si mwizi.

Kinyozi alisimulia huku akichekacheka. Mama Funguo hakucheka. Chakula cha mchana kilimshinda. Alijitetea moyoni kwamba ugonjwa wa kusahau hakuuleta yeye, lakini utetezi haukufika mbali: mzee alikuwa amesahau mengi, ila ufunguo wake hakuwa ameusahau.

Kesho yake alifunga kibanda, akabeba zana, akaenda nyumbani kwa Mwalimu. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimpotea mlangoni.

“Mwalimu, nilikudanganya. Iliwezekana. Nilifanya uvivu tu.”

“Nilikuuliza mara mbili,” Mwalimu alisema. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo.

Mama Funguo alifanyia kazi uani, vibati vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Mzee alikaa kando yake, miguu imefungwa bandeji, na kila baada ya dakika chache alimuuliza yeye ni mtoto wa nani. Kila mara alimjibu kwa adabu. Vibati viwili vilikuwa virefu kidogo, akavipiga tupa mpaka vikakubali. Adhuhuri ilipofika alimwomba mzee ajaribu.

Injini ikanguruma. Mzee akaupigapiga usukani kama mtu anayembembeleza mtoto, akamgeukia fundi, akamshukuru sana kwa kumrudishia gari lake.

Mama Funguo akapiga magoti kando ya mlango wa gari, akamweleza yote, kwamba mwenye kosa ni yeye. Mzee alisikiliza kwa makini, akamsamehe papo hapo, na kabla injini haijazimwa alikuwa ameshamuuliza tena yeye ni mtoto wa nani.

Mwalimu alimsindikiza hadi getini na kumuaga vizuri. Lakini kufuli la geti hilo lilipoharibika miezi michache baadaye, alilipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa tatu. Mama Funguo alimwona akipita nalo mkononi. Walisalimiana.