Ng'ombe wa Mama na Mpira wa Mgodini

Baba aliposakafia banda la ng'ombe, alilipiga niru kama sebule. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa yetu Ihanda, na kila mzee aliyevuna vizuri alisakafia kitu. Majirani walikuja kuitazama saruji ilivyong'aa. Ng'ombe hakuwa mgeni wa kutazama na kuondoka. Yeye alitakiwa kuishi juu yake.

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu nilimkuta amesimama, tumbo la mimba limeshuka, magoti yamechubuka. Mama alisema siku hizi halali kabisa, maana akitaka kuinuka miguu inamkimbia.

"Akianguka na tumbo lile, sina ndama, sina maziwa," mama alisema. Ng'ombe alikuwa wake.

"Sakafu ivunjwe," nikasema.

"Avunje nani?" baba akauliza, na hapo mjadala ukaisha.

Nikaenda Tunduma. Mikanda michakavu ya migodi ya shaba ya Zambia, ile mipira mipana ya kubebea mawe, iliuzwa huko kwa vipande. Muuzaji alikuwa mzee wa Kitanga mwenye baraghashia.

"Shikamoo, mzee. Ipi haitelezi?"

"Marahaba. Yote haitelezi."

Jibu hilo halikunitosha. Niliomba maji, nikamwagia kila kipande, nikavua viatu, nikatembea juu yake. Kilicho laini nikakikataa. Chenye waya zilizochomoza pembeni nikakikataa pia, zisije zikachana kiwele. Kisha nikakumbuka kwamba ng'ombe akiinuka hutanguliza nyuma, uzito wote ukabaki magotini. Nikapiga magoti, nikainuka, nikapiga tena kwenye kipande cha pili.

"Kijana," mzee akasema, "kibla kiko upande ule."

Wapakiaji wakacheka.

"Namjaribia ng'ombe, mzee."

"Ungemleta mwenyewe. Asingeuliza maswali mengi hivi."

Nilichukua kipande kinene, chenye vinundu, kilichobonyea kidogo chini ya goti.

Nyumbani tulikitandaza juu ya niru. Ng'ombe alifika ukingoni, akanusa, akagoma. Pengine weusi ule aliuona ni shimo.

"Mnaona?" baba akasema kwa furaha. "Hata yeye anapenda sakafu yangu."

Mama alichota samadi mbichi, akaichanganya na maji, akaupaka mpira wote kwa kiganja, vile vile anavyopaka sakafu ya jiko lake la udongo.

"Mama, sasa ndiyo mpira utateleza zaidi."

"Utakauka, mwanangu. Hakuna anayelala kwenye nyumba isiyopakwa."

Ulikauka. Alasiri ng'ombe alinusa tena, akapanda, akazunguka kidogo, akalala kwa mshindo. Lakini kulala hakukuwa mtihani. Tulikaa watatu juu ya madebe tukisubiri, naye akicheua bila haraka yoyote, mpaka mama akatikisa majani ya mahindi kwenye hori.

Nyuma ikatangulia. Magoti yakabonyea kwenye mpira, yakashika, na mara akawa amesimama anakula. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Iliyobeba yote hayo ni sakafu ya chini," baba akasema.

"Ni kweli, baba," mama akamkubalia, bado anacheka.

Mimi nilitaka tumlaze tena. Kuinuka mara moja kungeweza kuwa bahati tu.

"Muache mwenzio ale," mama akasema.