Jina Tulilolishona Kifuani

Sikuwa mtu wa mpira. Niseme hivyo mapema, maana kuna watu Kitengela mpaka leo husema mimi ndiye niliyeuza timu. Nilikuwa fundi wa nguo. Nilikuja na baba watoto kutoka Ukambani mwanzoni mwa miaka ya tisini. Yeye akapata kazi kwenye kiwanda cha simiti, nami nikaweka cherehani yangu kwenye veranda ya duka la misumari na mabati, kando ya barabara ya Namanga. Nilishona sare za shule, mapazia, na majoho ya kwaya mbili zilizokuwa hazisalimiani. Mdomo wangu ulijulikana kuliko mshono wangu.

Timu ilinijia kwa sababu ya viraka. Vijana wa simiti, vijana wa machimbo ya mawe na vijana wa Kimaasai walicheza pamoja kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumatatu waliniletea suruali zilizopasuka. Uwanja wenyewe haukuwa uwanja, yalikuwa malisho. Ng'ombe wakipita, mechi ilisimama, na refa aliwapulizia filimbi vilevile alivyowapulizia watu. Timu haikuwa na jina. Tuliita tu timu ya huku.

Golikipa ndiye aliyekuwa mwenyeji. Malisho yale yalikuwa ya baba yake, na ni yeye aliyembembeleza mzee asiyazungushie seng'enge. Kijana mrefu, mcheshi, mpira ukimpita anamtania aliyefunga badala ya kukasirika. Mama yake ndiye aliyeniletea maziwa kila asubuhi. Aliketi kwenye benchi yangu akanywa chai, tukaongea Kiswahili chetu kilichovunjika, yeye akivunja kwa Kimaa na mimi kwa Kikamba, tukaelewana sawasawa. Nilimwita yeyo, yaani mama, kama wote wa rika langu walivyomwita. Yeye aliniita fundi.

Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya, kijana akivusha ng'ombe barabarani, lori likampiga. Alikufa hapohapo, fimbo mkononi.

Siku chache baada ya maziko wachezaji walikuja kwenye veranda yangu wakiwa wamenyong'onyea, wengine hata kuongea hawawezi. Basi nikawaambia, na nakumbuka kila neno kwa sababu maneno hayo yalikuja kunila: "Kwetu mtu akifa hatumwachi aende hivihivi. Kifungua mimba wangu ana jina la baba mkwe. Nikimwita aje kula, namwita mzee pia. Nyinyi timu yenu haina jina. Ipeni jina la huyu kijana, aitwe kila Jumapili." Mvulana mmoja wa Kiluhya akasema kwao ni hivyohivyo. Wakalia, wakapiga makofi. Vijana wa Kimaasai walikuwa wamesimama nyuma. Hawakusema kitu, nami nikadhani ni uchungu.

Nilinunua kitambaa cha kijani nikashona jezi kumi na moja. Herufi nilizikata kwenye kitambaa cheupe, nikazishona kifuani kwa mkono, mshono mdogomdogo, kwa sababu cherehani ingezikunja. Sijawahi kushona kitu kwa moyo kama nilivyoshona jina lile. Jumapili ya kwanza vijana walipotoka wamezivaa, watu waliliita jina mpaka sauti zikakauka, na mimi nisiyejua hata kona ni nini niliita kuliko wote. Jezi hizo zilivaliwa miaka mingi, nikizitia viraka.

Baada ya hapo yeyo hakuonekana tena kwenye benchi yangu. Maziwa yaliletwa na mke wa mwanawe mwingine. Nilisema ni majonzi. Baadaye nikasema ni miguu, uzee umemfika. Mwishowe nikazoea, na mtu akizoea haulizi.

Ikaingia miaka ya elfu mbili na ploti zikaanza. Malisho yakakatwakatwa kutoka Kitengela hadi Isinya, kila mahali vigingi vya rangi nyeupe. Katika wauzaji wa ploti, tajiri mmoja alitupenda, au alituambia hivyo. Alituletea viatu vya njumu, akatulipia usajili wa ligi, akaweka kocha. Tulimbeba juujuu. Makaratasi yakaandikwa kwamba timu ni yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma, kwa maana tulikuwa tunacheza ngoma.

Msimu wa pili akatuita uwanjani akatutangazia kwamba timu itabadilishwa jina, itaitwa jina la kampuni yake ya ploti. "Hilo jina lenu ni la mtu mmoja," alisema, "na nje ya hapa hakuna anayemjua."

Thubutu! Nilisimama nikamwambia, "Sisi tunamjua. Hapo unaposimama wewe ni kwa baba yake." Watu wakalipuka. Tangu siku hiyo nikawa mkubwa wa mashabiki bila kupigiwa kura. Zile jezi kuukuu tulizigawana sisi mashabiki, tukazivaa juu ya nguo zetu. Nilikata vitambaa vyeusi tukafunga mikononi. Kila mechi tulikaa tumeupa uwanja mgongo, tukaliita jina lile tangu kipyenga cha kwanza hadi cha mwisho, bila kupumzika. Mtu aliyepita Namanga Road alidhani kuna mkutano wa injili. Tajiri alijaribu kucheka nasi, akashindwa. Alijaribu kutununulia soda, tukazimwaga mbele yake, na soda enzi hizo haikuwa kitu cha kumwaga.

Mwishowe akaitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi. Akaleta ujumbe kabla: "Mnasema mnapigania marehemu. Mbona watu wake mwenyewe hawaji uwanjani? Nileteeni mtu mmoja wa nyumba yake, asimame aseme jina libaki, na mimi naliacha. Nitaandika na kutia sahihi."

Tulishangilia kama tumeshinda kombe. "Mama fundi, yule mama si ni rafiki yako?" waliniuliza. Nikajipiga kifua. Nikawaambia, "Huyo niachieni. Jumamosi atakuja nimemshika mkono."

Siku ya Ijumaa nilifunga cherehani mapema, nikabeba sukari na majani chai, nikatembea mpaka kwake, upande wa Isinya, nikizungukazunguka nyua za watu mahali ambapo zamani tulikata moja kwa moja. Nilimkuta ameketi nje na wajukuu na mkamwana wake, akitunga shanga.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitika, na akafurahi. Alifurahi kweli. Alinishika mikono yote miwili, akauliza watoto, akauliza baba watoto, akauliza kama kwetu mvua imenyesha. Chai ikaja. Nikaona mambo ni rahisi kama kumeza mate.

Basi nikaanza hotuba yangu. Nikamwambia kuna mtu anataka kumfuta mtoto wake, lakini sisi tumekataa. Nikalitaja jina. Mkamwana akainuka, akashika watoto wawili mikono, akawaingiza ndani. Sikushtuka. Nikalitaja tena. Nilikuwa nimeivaa jezi ndani ya sweta, nikafungua vifungo nimwonyeshe herufi nilizoshona. Aliangalia pembeni. Shanga zilimponyoka zikamwagika vumbini, na hakuziokota.

Nikanyamaza. Mimi, nisiyejua kunyamaza.

"Fundi," akasema baadaye, polepole. "Hiyo kijana sisi tulizika. Tukazika yeye, tukazika na jina yake. Kwetu hakuna mtu wa hii boma inaita tena. Kama kuna mtoto ilikuwa na jina kama hiyo, tunabadilisha. Imelala na yeye. Halafu nyinyi mukachimbua."

Akaelekeza kidevu upande wa uwanja wetu.

"Kila Jumapili upepo ikitoka huko kwenu, nasikia watu mingi inaita mtoto yangu. Inaita, inaita. Na mimi ni mama. Sikio yangu inangoja aitike."

Mungu wangu. Natamani ningeweza kuandika sauti yake, maana hakuwa amekasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Nilifunga sweta mpaka shingoni. Nikahesabu miaka yote ya Jumapili zile, na sauti ya juu kuliko zote ilikuwa yangu.

"Yeyo, mbona hukuniambia? Mimi nilikuwa hapo. Ungeniambia tu siku moja."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto asiyeelewa kitu chepesi. "Ningeambia wewe nini? Niseme musiite nani?"

Niliinama nikaziokota zile shanga, moja moja, mpaka zikaisha. Hakunizuia. Nilipoondoka alinipa maziwa ya watoto. Barabara yote nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tajiri alikuwa mbele, na nyuma yake limetundikwa turubai lenye jina jipya, limefunikwa na shuka. Nilipoingia peke yangu watu walitazama mlango, wakingoja yeyo aingie nyuma yangu.

"Yuko wapi?" tajiri akauliza.

"Haji," nikasema. "Nami nimekuja kusema jina liondoke."

Kelele iliyozuka siwezi kuieleza. "Amekula! Mama fundi amekula!" "Amepewa ploti ngapi?" Mwanamume niliyemshonea suti ya harusi aliniita msaliti mbele ya mchungaji. Tajiri alitabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko matusi yote.

Nikapaza sauti, na sauti ninayo. Niliwasimulia jinsi tunavyosikika kwa mama aliye upande ule unakoelekea upepo. Niliwaambia ni mimi niliyewapotosha, ni mimi niliyeleta desturi ya kwetu nikaivisha mtoto wa watu. Nilisema yote bila kulitaja jina, na hapo ndipo nilipojua ugumu wake, kwa maana ulimi ulikuwa umelizoea.

Wengi hawakuniamini. Akasimama beki wetu wa zamani, Mmaasai, mtu wa rika la marehemu, sasa ana watoto wake. Alisema, "Ni kweli. Mimi miaka hii yote sijawahi kuliita. Mkiita, mimi nilikuwa natingisha midomo tu." Mtu akamuuliza kwa ukali mbona hakusema. Akajibu, "Mlikuwa mnalia. Mtu anawezaje kumkataza anayemlilia ndugu yake?"

Tajiri akaona nafasi yake, akavuta shuka, jina la kampuni likaonekana, jekundu. Alipiga makofi peke yake. Tulikuwa tumeshindwa, na si yeye aliyetushinda.

Jumapili mashabiki walikuja vilevile. Nilidhani hawatakuja. Tajiri alikuwa ameajiri mtu wa kipaza sauti, akawa anazunguka uwanja akilitangaza jina jipya na kutuomba tuitikie. Hakuna aliyeitikia. Akarudia, akarudia, mpaka akaona haya akakizima. Jina la zamani nalo halikutoka kinywani mwa mtu, hata kwa wale walioniita msaliti. Bao letu lilipoingia tulisimama tukapiga makofi, tukaketi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea Isinya. Nilimfikiria mwanamke mmoja huko, nikaomba awe ameketi nje.

Wiki hiyo jezi zilinirudia. Wengine walizitupa verandani bila kunisalimu. Wengine walizileta zimefuliwa na kukunjwa vizuri, jambo lililoniuma zaidi. Zilipotimia kumi na moja nilichukua wembe, nikaanza kufumua herufi. Nilikuwa nimezishona imara mno, ujana huo. Nilifumua asubuhi nzima, uzi baada ya uzi, mpaka kifua cha jezi ya kwanza kikabaki kitupu.

Lakini hakikuwa kitupu. Kitambaa chote kilikuwa kimepauka kwa jua la miaka mingi, isipokuwa pale chini ya herufi. Pale rangi ya kijani ilikuwa mbichi kama siku niliyoinunua. Jina lilisomeka wazi kuliko nilipolishona.

Kisha nikachukua makasi. Nilikata jezi zote vipande vidogo vya kujazia mito, na katikati ya kazi hiyo machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyazuia. Mteja mmoja, mama mgeni aliyekuwa amehamia karibuni kwenye nyumba za kupanga, alikuja kuchukua sketi ya bintiye akanikuta hivyo.

"Pole, mama fundi. Umefiwa?"

"Ndiyo. Kijana alikuwa golikipa wetu."

"Maskini. Alikuwa anaitwa nani?"

Niliinama nikaendelea kukata.