Mguu wa Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, bahari ilinifikia mtaani Remera, bara kabisa, ndani ya chupa ya spiriti. Maabara yetu ilikuwa juu ya duka la vioo, karibu na Gisimenti, na jioni muziki wa baa ulitikisa meza mpaka picha ikayumba ndani ya hadubini. Wenzetu wa pwani walivuta wavu, wakatuma walichonasa; sisi tulichambua, tukatambua, tukawarudishia majina. Watu waliuliza kwa nini kazi hiyo ifanywe mbali hivyo na maji. Ilihitaji macho na subira tu.

Viumbe wangu walikuwa kopepodi, jamaa wa kamba, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchele. Aina moja hutofautishwa na nyingine kwa miiba, kwa pingili za vipapasio, na zaidi ya yote kwa jozi ya tano ya miguu. Nilianza kama mchambuzi, nikapandishwa kuwa mtambuzi, mwisho nikawa mtunza makusanyo.

Nikiwa mtambuzi, nilipata dume mmoja mwenye miiba nisiyopata kuiona katika kitabu chochote. Alitoka kwenye hori, mkono mdogo wa bahari, ambalo, muda mfupi baada ya wavu kupita, lilifukiwa ili kujenga gati. Nilitaka kumpa jina. Kiumbe asiye na jina hawezi hata kuandikwa kwamba ametoweka.

Mkuu wa maabara, aliyekulia Bujumbura, aliinamia hadubini kwa muda mrefu.

"Oya, hapana, mama. Huyu iko bado mtoto. Angalia mguu ya tano."

Niliangalia. Mguu wa kulia wa dume aliyekomaa huwa na kishikio cha kumshikia jike. Huyu alikuwa na kinundu tu. Alikuwa amebakiza kujivua gamba mara moja tu ili akomae.

"Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane, Mkuu. Hata meno hana."

"Ndiyo. Na mama yake iko pale, anasema huyu ni wangu. Huyu yako, mama yake iko wapi?"

Fundi wa hadubini, aliyekaa meza ya pili, alicheka. Mimi sikucheka.

"Hori limefukiwa. Mwingine hapatikani."

"Basi tutangoja ule hapatikani. Labda akikomaa ni aina ya zamani, tunaijua tayari. Jina yako itabaki takataka katika vitabu."

Niliandika kwenye kibandiko: hajakomaa. Tangu siku hiyo, kila chupa iliyotoka pwani ile niliifungua nikimtafuta ndugu yake mkubwa. Sikumpata.

Nilipostaafu, nilimkabidhi kabati la makusanyo binti aliyechukua nafasi yangu, aliyekulia Kampala.

"Mama, si umpe tu jina? Nani atakubishia?"

"Yeye," nikasema, nikainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

Spiriti hupungua hata kizibo kikikazwa, na kopepodi akikauka miguu yake huvunjika. Kwa hiyo mara moja moja, nikitoka soko la Kimironko, nampigia binti yule simu.

"Umemwongezea spiriti?"

"Nimemwongezea, mama."

"Amekua?"

"Bado."